Mia Tano ya Karatasi, Mia Tano ya Chuma

Semeni alikuwa na miaka sita. Aliishi Muheza na bibi yake, Bibi Mwajabu, katika nyumba ya bati yenye baraza pana.

Jina lake Semeni, lakini mbele za watu hakuwa msemaji hata kidogo.

Nyumbani alisema sana. Alisema na kuku. Alisema na paka. Alisema na bibi tangu asubuhi mpaka jioni.

Lakini akija mtu, maneno ya Semeni yalikimbia yakajificha. Semeni akabaki kutazama vidole vya miguu yake.

Kila asubuhi Bibi Mwajabu alikaanga vitumbua barazani. Alikoka moto wa mkaa. Akaweka chuma cha vitumbua, chenye matundu saba. Akatia mafuta kidogo kila tundu.

Kisha akamimina rojo la mchele, lenye nazi na iliki.

Chwaa!

Vitumbua vikaumuka. Bibi akavigeuza kwa kijiti. Kile, na kile, na kile. Hakikuungua hata kimoja.

Bibi hakuvitazama. Alivisikiliza.

Macho ya bibi yalikuwa yamefifia. Aliona rangi ya kanga. Aliona mtu akipita njiani. Vitu vidogo vidogo hakuviona tena.

Lakini kitumbua kibichi hupiga kelele kwenye mafuta, na kikiiva hunyamaza. Bibi alijua hivyo, na masikio yake yalikuwa mazima.

Semeni naye alikuwa na kazi yake. Alichana magazeti ya kufungia vitumbua. Chraa, chraa, chraa.

Kitumbua kimoja kiliuzwa shilingi mia moja. Vitumbua vitano, mia tano. Hesabu hiyo Semeni aliijua vizuri.

Wateja walimpa bibi pesa mkononi. Bibi akaitia kwenye bakuli la bati.

Siku hizo mia tano ilikuwa ya namna mbili. Kulikuwa na mia tano ya karatasi, ya siku nyingi. Na kulikuwa na mia tano ya chuma, mpya, nzito, inayong'aa.

Ya chuma ikaanguka bakulini. Ching'i!

Ya karatasi ikaanguka bakulini. Kimya.

Wateja walikaa kwenye benchi, wakala, wakabishana. Walibishana kila siku, na kila siku jambo lilikuwa lile lile. Ipi bora, ya karatasi au ya chuma?

Mwalimu Leokadia alipenda ya chuma. Alifundisha shule ya jirani, na alikula vitumbua viwili kila asubuhi akiwa amesimama.

Mwalimu alisema noti ndogo zinazunguka mno. Leo kwa muuza samaki, kesho kwa muuza mkaa. Zinanuka, zinachanika. Moja aliisahau mfukoni akafua gauni, ikatoka kama ugali uliomwagiwa maji.

Babu Shemdoe alipenda ya karatasi. Yeye alikuwa fundi baiskeli, na karakana yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, chini ya turubai la bluu.

Babu Shemdoe alisema chuma ni kizito. Chuma kinatoboa mfuko. Chuma kikidondoka kinabingirika mpaka mtaroni, na yeye mgongo wake haukubali kuinama. Karatasi unaikunja tu, basi.

Watu wakacheka. Wengine wakawa upande wa mwalimu. Wengine wakawa upande wa fundi.

 Bibi Mwajabu alimimina rojo.

Chwaa!

Asubuhi moja Babu Shemdoe alivuka barabara huku akipiga mluzi. Akanunua vitumbua vitano. Akatoa mia tano ya karatasi.

Ilikuwa noti kuukuu sana. Ilikuwa na mafuta ya mnyororo wa baiskeli. Ilikuwa laini kama kitambaa.

Bibi akaishika. Akaipapasa. Akaisogeza karibu na macho, akaiona kama ukungu.

Akadhani ni noti ya elfu moja.

Akaitia bakulini. Kimya.

Kisha bibi akahesabu sarafu tano za mia mia, akampa Babu Shemdoe chenji.

Vitumbua vitano ni mia tano. Mia tano ilikuwa imetosha. Hapakuwa na chenji ya kurudisha.

Semeni aliona. Aliona wazi kabisa.

Akafungua mdomo. Benchi lilikuwa limejaa watu. Maneno yakakimbia, yakajificha.

Babu Shemdoe hakutazama mkononi. Akazitia sarafu mfukoni, akaondoka zake na mluzi wake.

Semeni akatazama vidole vya miguu yake.

Kesho yake jambo hilo likatokea tena, kwa mteja mwingine. Keshokutwa likatokea mara mbili. Bibi alipapasa noti, akakosea. Semeni aliona, akanyamaza.

Jioni ya Alhamisi bibi alikusanya pesa za kununua mchele na nazi. Akazipapasa. Akazipapasa tena.

Hazikutosha.

Bibi akazirudisha bakulini. Kisha akasema kwa sauti ndogo kwamba kesho hatakaanga. Labda na keshokutwa pia. Labda kazi hii sasa imemshinda.

Akakiosha chuma cha vitumbua. Akakifuta. Akakitundika ukutani.

Asubuhi Semeni aliamka, akasikiliza.

Hapakuwa na chwaa.

Alisikia jogoo. Alisikia pikipiki barabarani. Alisikia wateja wakija barazani, wakiuliza, wakiondoka. Lakini chwaa haikuwepo.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Mikono ya bibi haikuzoea kukaa bure. Ilikuwa ikikunja ncha ya kanga na kuikunjua, ikikunja na kuikunjua.

Semeni akakaa karibu yake. 

"Bibi," akasema, "mimi niliona. Babu Shemdoe alitoa mia tano, wewe ukadhani elfu. Na wale wengine pia. Niliona, sikusema."

Machozi yakamtoka Semeni, tiririri.

Bibi hakukasirika. Alimvuta, akamfuta machozi kwa ile ncha ya kanga. Akamuuliza kwa nini hakusema. Semeni akajibu kwamba watu walikuwa wengi.

Bibi akafikiri. Kisha akaomba bakuli la bati.

"Fumba macho, mjukuu wangu," akasema. "Usichungulie."

Semeni akafumba macho. Bibi akamwekea kitu kiganjani.

Kilikuwa cha mviringo. Kilikuwa baridi. Kilikuwa kidogo. Semeni akasema ni mia moja, na ilikuwa mia moja.

Bibi akamwekea kingine. Hiki kilikuwa kikubwa, kizito. Semeni akasema ni mia tano ya chuma, na ilikuwa mia tano ya chuma.

Jambo rahisi. Semeni akaanza kutabasamu, macho bado ameyafumba.

Kisha bibi akamwekea noti. Semeni akaipapasa. Ilikuwa laini, imekunjamana. Akasema ni mia tano.

Ilikuwa elfu moja.

Bibi akamwekea nyingine. Semeni akaipapasa juu, akaipapasa chini, akainusa. Akasema ni elfu moja.

Ilikuwa mia tano.

Semeni akafumbua macho. Akazitazama noti zile mbili. Machoni zilikuwa mbalimbali kabisa. Mkononi zilikuwa kitu kimoja.

"Ndivyo ilivyo kwangu kila siku," bibi akasema.

Semeni akasema sasa yeye ndiye atakuwa akiangalia noti zote. Bibi akacheka kidogo, akamkumbusha kwamba Januari anaanza shule. Asubuhi ya vitumbua atakuwa darasani. Nani ataangalia?

Semeni akakaa. Akafikiri. Akainuka.

Akavaa ndala zake. Akatazama barabara kulia, akatazama kushoto, akavuka. Pata, pata, pata.

Babu Shemdoe alikuwa amepindua baiskeli, anazungusha gurudumu. Trrrrrr.

Semeni akamwamkia. "Shikamoo, babu."

Babu Shemdoe akaitika marahaba, akashangaa kidogo. Hakuwahi kuisikia sauti ya Semeni.

Maneno ya Semeni yakaanza kukimbia. Lakini Semeni alikumbuka mikono ya bibi, inakunja, inakunjua. Akayafukuza maneno yake, akayakamata, akayatoa moja moja.

"Babu, Jumatatu ulinunua vitumbua vitano. Ulitoa mia tano. Bibi alidhani ni elfu, akakupa chenji ya mia tano. Macho yake hayaoni noti. Leo hakukaanga kwa sababu hana pesa ya mchele."

Gurudumu likapunguza mwendo. Trrr. Trr. Tr. Likasimama.

Babu Shemdoe akajaribu kukumbuka. Alikumbuka mluzi. Alikumbuka vitumbua. Chenji hakuikumbuka vizuri, maana hakuihesabu.

Akaingiza mkono mfukoni. Kidole chake kikatokea upande wa pili, karibu na goti. Mfuko ulikuwa na tundu kubwa kupita tundu la chuma cha vitumbua.

Semeni akajizuia kucheka. Hakuweza. Babu Shemdoe naye akacheka.

Kisha akaacha kucheka. Akafuta mikono kwa tambara, akatoa mia tano kwenye kopo la misumari, akampa Semeni. Akamwambia amwombee radhi kwa bibi yake. Jioni atakuja mwenyewe.

Semeni akaipokea kwa mikono miwili. Lakini hakuondoka.

Bado alikuwa na neno moja, nalo lilikuwa gumu kuliko yote.

"Babu, nakuomba ukija kwetu, hela ndogo uje nayo ya chuma."

Babu Shemdoe akakuna kichwa. Akasema yeye angependa, lakini chuma kinamtoroka. Akatikisa suruali yake, na sarafu ya mia ikashuka ndani ya mguu wa suruali, ikatokea chini, ikabingirika.

Ching'i, ching'i, ching'i. Ikaingia mtaroni.

"Unaona?" akasema.

Semeni aliona. Akaona na jambo lingine. Akakimbia nyumbani. Pata, pata, pata.

Akamweleza bibi kila kitu kwa pumzi moja. Kisha akafungua sanduku la vitambaa, akatoa kipande cha kanga kuukuu, chekundu chenye madoa meupe.

Bibi akakishika kile kipande. Akaelewa kabla Semeni hajamaliza kueleza.

Semeni akatunga uzi kwenye sindano, maana macho yake yaliona tundu la sindano. Bibi akashona, maana vidole vyake vilijua kushona hata gizani.

Suu, suu, suu. Uzi ukapita. Suu, suu, suu. Ukarudi.

Adhuhuri kilikuwa kifuko, kigumu chini, chenye kamba ya kufungia juu na kamba ndefu ya kuvaa shingoni.

Jioni Babu Shemdoe akaja barazani. Aliomba radhi, na bibi akasema yamekwisha. Bibi akamvisha kifuko. Babu Shemdoe akatia sarafu moja ndani. Akaruka kidogo. Sarafu haikutoka.

Akaruka tena, kwa furaha tu, na mgongo wake ukamkumbusha aache.

Usiku ule bibi aliloweka mchele ulionunuliwa kwa ile mia tano na pesa kidogo zilizobaki. Haukuwa mwingi. Ulitosha kuanzia.

Asubuhi ya Jumamosi moto ukawaka. Chuma kikashuka ukutani. Mafuta yakapata moto. Bibi akamimina rojo.

Chwaa!

Wateja wakaja. Benchi likajaa. Bibi akamtazama Semeni, na Semeni akajua zamu yake ya kusema imefika.

Akapanda juu ya kigoda. 

Aliwaambia watu kwamba macho ya bibi hayaoni noti vizuri. Lakini mikono yake inaijua sarafu. Kwa hiyo anayeweza alete hela ndogo ya chuma. Asiyeweza, aseme kwa sauti amempa bibi noti gani.

Watu wakaacha kutafuna. Vilisikika vitumbua tu.

Mwanamume mmoja akatazama chini. Alikuwa amekumbuka kitu. Akatoa mia tano, akaitia bakulini bila kununua chochote. Hakuna aliyemuuliza.

Mama mmoja muuza dagaa akasema yeye ana noti tupu. Sokoni wanampa noti, atafanya nini? Hakusema kwa ubaya. Lilikuwa swali la kweli.

 Semeni aliangalia huku na huku.

Hapo ndipo Mwalimu Leokadia alipomeza kitumbua chake. Akasema Ijumaa zote huenda benki. Bibi amkusanyie zile noti ndogo, yeye atazipeleka, arudi na sarafu. Na mama wa dagaa naye, akitaka, alete zake.

Basi ikawa hivyo.

Wengine walileta ya chuma. Wengine walisahau, wakaleta ya karatasi, wakaitaja kwa sauti.

"Mia tano ya karatasi, bibi," walisema, na bibi akaitia kwenye kopo lake peke yake.

Jumatatu Babu Shemdoe alikuja na kifuko chake shingoni. Alihesabu sarafu tano za mia, moja moja, katika kiganja cha bibi. Bibi akazipapasa, akatikisa kichwa kukubali, akaziachia.

Ching'i, ching'i, ching'i, ching'i, ching'i.

Watu wakamuuliza kama sasa amehamia upande wa mwalimu. Babu Shemdoe akajibu kwamba karatasi bado ni nyepesi, hilo halibadiliki. Lakini vitumbua hivi havipatikani kwingine.

Mwalimu Leokadia naye akakubali kwamba kifuko kikijaa shingo inauma. Wakabishana tena mpaka kengele ya shule ikalia.

Ijumaa iliyofuata mwalimu alirudi kutoka benki na fuko zito. Akalimwaga bakulini. Ching'iching'iching'i! Kuku wakakimbia.

Bibi akaingiza mikono yote miwili. Akapapasa. Mia. Mia mbili. Mia tano. Mia. Hakukosea hata moja, na Semeni alikuwa akichungulia kila sarafu.

Jioni walinunua mchele. Walinunua nazi tatu, na iliki, na kitenge kidogo cha Semeni kwa ajili ya begi la shule.

Usiku Semeni alipanda kitandani. Bibi akakaa ukingoni mwa kitanda, na sanduku la vitambaa miguuni.

Mama wa dagaa alikuwa ameagiza kifuko. Mwalimu alitaka kikubwa. Muuza mkaa alitaka viwili. Bibi akauliza kila mmoja ashonewe cha rangi gani.

Semeni akachagua. Cha mama wa dagaa, bluu. Cha mwalimu, kijani chenye maua. Vya muuza mkaa, vyeusi, visionyeshe uchafu.

"Na cha kwangu mimi?" bibi akauliza.

Semeni akafikiri kwa sauti. Cha bibi kilihitaji rangi nzuri kuliko zote. Labda ile ya njano. Au ile ya zambarau. Au nusu ya njano na nusu ya...

Bibi akasubiri jibu. Akasikiliza.

Semeni alikuwa ameshalala.

Bibi akamvutia shuka mpaka mabegani. Akapapasa ndani ya sanduku, akatoa vipande viwili, cha njano na cha zambarau, akaviweka juu ya kiti, kimoja juu ya kingine, mpaka kesho.